Pua ya Leta: Miaka Yangu ya Kunusa Lutuku Fizi na Baraka

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, na kabla sijafika nyumbani ilikuwa imeshasimama. Nashukuru hata hivyo. Mke wangu ameitundika sebuleni, na mgeni akiuliza saa ngapi tunamwambia ale kwanza.

Halafu mkaniomba, ninyi wapimaji wa leo, niwaandikie jinsi kazi ya kuonja vinywaji ilivyokuwa zamani, kabla ya mashine zenu za vioo na kabla wengi wenu hamjazaliwa. Haya. Mshahara sitautaja, kwa sababu haukuwa kitu cha kutajwa mbele za watu. Vyeo pia sitavitaja, maana nilivyopanda ndivyo nilivyoshuka. Nitasema juu ya pua, juu ya mitungi, juu ya mzee mmoja mfungwa aliyenifundisha kazi, na juu ya kosa lililoandikwa kwa jina langu katika vitabu vya Fizi, lile mnalonong'onezana mkidhani sisikii. Nasikia sana. Pua ndiyo iliyochoka, masikio bado mazima.

Mimi ni mtu wa Baraka, wa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Katika ile miaka ya hamsini nilikuwa tarishi wa Leta, ndivyo tulivyoiita Serikali ya Wabelgiji. Kazi yangu ilikuwa kupanda mlima kutoka Baraka hadi Fizi na mfuko wa barua, kulala, na kesho yake kushuka na mfuko mwingine. Barua za kupanda zilikuwa za kulalamika na za kushuka zilikuwa za kukataa, na uzito ulikuwa mmoja.

Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: mtu mweusi anywe bia na pombe yake ya ndizi, lakini pombe kali asipike, asiuze, asiitie mdomoni. Mzungu ruksa. Nani aliyemshauri Mungu agawe makoo namna hiyo, mimi sijui. Na hapo hapo lutuku ilikuwa inapikwa kila bonde. Mnaijua lutuku, msijifanye. Mahindi yanalowekwa mpaka yanaota, yanaanikwa, yanatwangwa, yanachanganywa na unga wa mihogo, yanachachuka ndani ya pipa, halafu yanachemshwa na mvuke wake unapitishwa kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi. Kinachodondoka ng'ambo ya pili ndiyo whisky ya nchi yetu, hata kama hakuna aliyeiandikia karatasi ya kubandika kwenye chupa.

Bwana Administrata wa Fizi tulimwita Bwana Kamili, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda. Barabara ilimwe kamili, chumvi iwekwe kamili, mtu afungwe kamili. Yeye ndiye aliyekamata, na yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa tribunal ndogo pale pale kwenye biro yake, yaani ofisini. Alikuwa na kipimo cha kioo kilichotoka Ulaya, chenye namba, ambacho ukikitumbukiza ndani ya pombe kinakwambia ukali wake. Karani mmoja alikitumbukiza ndani ya uji wa mtoto wake ili ajue kama una homa, mtoto au uji sikuelewa vizuri, na kikapasuka. Kingine kiliagizwa kutoka Bukavu. Nimestaafu bado kinakuja.

Basi siku moja nimefika Fizi na mfuko wangu, nakuta madebe matano barazani yamekamatwa. Nikapita karibu, nikasema tu, kama mtu anavyosema mvua inakuja, "Hili limetoka Makobola." Bwana Kamili akatoka nje.

"Wewe najua namna gani?"

"Ndagala, Bwana. Debe hili lilibeba ndagala kabla ya kubeba lutuku."

Polisi aliyelikamata akasema kweli, Makobola, kwa wavuvi wa dagaa. Bwana Kamili akaninusisha la pili. Nikamwambia Lulimba, maana watu wa kule wako karibu na machimbo ya dhahabu na wanatumia mabomba ya chuma, na lutuku yao inanuka kama umelamba jembe. La tatu lilikuwa na siagi, kwa hiyo liliwahi kupanda Minembwe kwa wafugaji na kurudi. Akanitazama kama mtu aliyeokota kipimo cha kioo njiani. Tangu siku ile nikawa pua ya Leta. Watu wakaacha kuniita Ramazani wakaniita Mapua, na hata mama yangu mzazi alijisahau mara mbili.

Tatizo, mmeshaliona, ni kwamba mimi ni mwislamu. Nilikwenda kwa Mwalimu Shabani aliyenifundisha Kurani, nikamweleza kazi yenyewe. Alifikiri sana. Akaniuliza, "Unameza?" Nikasema simezi. "Unalamba?" Silambi. "Basi pua haina koo, Ramazani. Lakini siku ukimeza usije kwangu, nenda kwa padri." Kwa hiyo kaeni mkijua kwamba kwa miaka tisa nilipima lutuku ya teritwari nzima, yaani wilaya yote ya Fizi, na tone moja halikuvuka meno yangu. Msikitini hata hivyo jamaa walikuwa wakiacha nafasi ya mtu mmoja kila upande wangu, kwa ajili ya harufu ya kanzu yangu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Wilondja. Alikuwa mfungwa. Alifungwa kwa kupika lutuku, na kwa kuwa alikuwa mzee na mpole walimpa fagio afagie biro. Alikuwa akimaliza kifungo anakwenda nyumbani, anapika, anarudi. Mara mbili ni mimi niliyenusa debe lake. Nilimkwepa siku nzima, mpaka yeye mwenyewe akanifuata na fagio lake.

"Mutoto, ulinusa muzuri," akaniambia. "Ile debe ilikuwa na kutu. Mi mwenyewe nilisikia haya."

Alinifundisha hivi, nanyi yashikeni, kwa sababu umeme unakatika lakini kiganja mnacho siku zote. Tikisa chupa utazame povu: shanga kubwa zinazokaa ni pombe ya nguvu, shanga ndogo zinazokimbia ni maji yamejificha humo. Mimina tone kiganjani, sugua mpaka likauke, ndipo unuse. Moto unaondoka kwanza, na kinachobaki ndicho alichopika mtu. Washa kidogo kwenye kijiko: mwali wa buluu usiotoa harufu mbaya ni mpishi mwenye subira, aliyemwaga yale matone ya kwanza yenye sumu. Usinuse ukiwa na njaa, maana njaa inasifu kila kitu. Na usinuse ukiwa umegombana na mkeo, kwa sababu siku hiyo hata asali ni lutuku.

Bwana Kamili alitaka namba, si maneno, kwa hiyo nilitengeneza daftari. Namba moja niliiita ya kunawia. Namba mbili ilikuwa ya matanga, kwa kuwa msibani hakuna anayelalamikia kinywaji. Tatu ya mafundi, wanaokunywa huku wakifanya kazi na paa halivuji. Nne ya harusi. Na tano niliiacha wazi. Mzee Wilondja alisema, "Tano iache. Siku itakuja utaijua." Yake mwenyewe nilimpa nne, akakasirika siku mbili, halafu akakiri kwamba anaharakisha moto.

Sasa, kila alasiri saa kumi nilikuwa nampelekea Bwana Kamili daftari barazani, na saa hizo ndizo alizokuwa akinywa whisky yake. Aliinunua Baraka, kwa Mgiriki mmoja mwenye duka bandarini, kwenye chupa yenye picha ya mlima na mawingu. Aliinyanyua glasi juani akawa ananihubiria.

"Tazama rangi, Ramazani. Hii Scotland. Miaka kumi na mbili ndani ya pipa. Mutu mweusi hapana weza fanya hii. Hapana pipa, hapana subira."

"Ndiyo, Bwana."

Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu, upepo ukinijia. Nilisikia harufu ya mbao, ya sukari iliyoungua kidogo, na chini yake kabisa mahindi. Nikajiambia labda na huko Scotland wanalima mahindi. Mtu wa Leta akizoea kusema "ndiyo, Bwana" hata pua yake inajifunza kusema hivyo hivyo.

Ndiyo ikaja siku ya mtungi wa asali. Polisi mmoja alipanda kutoka Baraka na mtungi alioukuta sokoni, umefungwa kwa kitambaa, umeandikwa ASALI kwa mkaa. Ulikuwa wa Mama Mauwa, mjane aliyekaa nyuma ya bandari, mkaushaji samaki. Polisi hakuwa na uhakika na mtungi wala na nafsi yake. "Mapua," akasema, "nusa tu, kama iko asali nairudisha, mi nimechoka na huyu mulima."

Nikafungua. Wenzangu, hapo ndipo mjue tofauti ya mtu na mashine. Nilisahau Leta. Nilisahau polisi. Nilikausha tone kiganjani mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara lilikuwa linafungua mlango mwingine: mahindi yaliyokaangwa, mbao ya pipa la zamani, moshi wa mbali wa samaki lakini wa adabu, kama mtu anayebisha hodi na kukaa nje. Hakuna kutu, hakuna haraka, hakuna kitu cha kuficha. Nikaruka kutoka kwenye kiti nikapiga kelele biro nzima, "Tano! Tano, jamani! Nani amepika hii? Nani?"

Polisi akanishika mkono kwa furaha. "Basi iko lutuku! Asante, Mapua!" Na akashuka mlima mbio kumkamata.

Nilibaki nimesimama na kiganja hewani. Nilikuwa nimepiga yowe la sifa, na Leta ikalisikia kama ushahidi. Halafu jambo la pili likanijia taratibu: harufu ile niliijua. Niliisikia kila alasiri saa kumi, barazani, hatua tatu kutoka kwenye glasi yenye Scotland ndani yake.

Nilimweleza Mzee Wilondja. Aliegemea fagio lake akacheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kusema akasema, "Yule Mugiriki ananunua kwa Mauwa, anatia ndani ya chupa za zamani. Sisi bapishi bote tunajua. Ni wewe tu na Bwana hamukujua." Kisha akaacha kucheka. "Lakini ukisema vile mbele ya tribunal, Mugiriki atakana, Bwana atapata haya, na Bwana akipata haya yule mama anaoza buloko. Angalia mudomo wako."

Mama Mauwa alifika Fizi kesho yake na miguu imevimba. Nilikwenda kumwona kwenye dirisha la buloko, ndiyo jela yetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, mwenye macho yanayokupima kabla hujajipima.

"We ndiyo Mapua?"

"Ndiyo, Mama. Mama, nisamehe, mimi sikutaka..."

"Ngoja kwanza. Wanasema ulipiga kelele. Ulipiga kelele kweli?"

"Nilipiga."

Nikaona anajizuia asitabasamu. Kisha uso ukamkaa sawa. "Batoto bangu batatu bako kwa dada yangu. Dada yangu hapendi batoto, hata bake hapendi. Wakinifunga miezi sita, nikirudi nitakuta batoto au nitakuta wezi? Niambie, we mwenye pua."

Usiku ule sikula, na mimi si mtu wa kuacha chakula.

Siku ya tribunal watu wa Baraka walipanda wengi, kwa sababu wanawake wote wa bandarini walikuwa na mitungi nyumbani iliyoandikwa asali, na walitaka kujua hatma yao. Bwana Kamili alikaa nyuma ya meza. Juu ya meza palikuwa na mtungi, glasi moja, na kitabu cha sheria. Mzee Wilondja alikuwa mlangoni na fagio, akifagia mahali pamoja tu. Nikaapishwa kwa Msahafu.

"Ramazani," akasema Bwana Kamili, "hii nini?"

Niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka. "Ni lutuku, Bwana."

Watu wakaguna. Mama Mauwa akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Bwana, mi naweza kuuliza muntu yako?"

Kwa kawaida mshitakiwa alikuwa akikubali kosa kabla sijafungua kinywa, kwa hiyo hakuna aliyejua kama kuuliza kunaruhusiwa. Bwana Kamili alipenda mambo kamili. Akasema uliza.

"Mapua, ulikunywa hii maji?"

"Hapana, Mama. Mimi ni mwislamu."

"Ulitia hata kwa ulimi?"

"Hapana."

Akamgeukia Bwana. "Sasa Bwana, muntu hakukunywa, anajua namna gani? Hata petroli iko na harufu. Hata huyu polisi iko na harufu, na hatumufungi."

Biro ililipuka. Bwana Kamili akapiga meza, lakini nilimwona anafikiri, maana alikuwa mtu wa kanuni, na swali lilikuwa la kanuni. Miaka tisa hakuna aliyeliuliza. Akamimina ndani ya glasi akanisukumia. "Wewe onja. Sasa hivi. Kamili."

Nilitazama glasi, nikamtazama Mwalimu Shabani aliyekuwa amepanda na wengine, naye alikuwa anatazama dari kwa bidii. Mkono wangu haukuondoka pajani. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ya unyenyekevu mwingi kabisa.

"Bwana, pole kwa kuingilia. Mutu mweusi akikunywa pombe kali, iko kosa. Mi niko hapa sababu ya ile ile."

Alikuwa Mzee Wilondja, na fagio lilikuwa limesimama. Bwana Kamili akafungua kitabu cha sheria. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akasoma midomo ikicheza. Ilikuwa kweli. Kama ile glasi ni lutuku, nikiinywa mbele yake itabidi anifunge. Kama si lutuku, hakuna kesi. Na haiwezi kujulikana mpaka mtu anywe. Akamtazama karani, mweusi. Akamtazama polisi, mweusi. Akatazama biro nzima, watu sitini, labda sabini, na koo lenye ruhusa lilikuwa moja tu.

Wote tukalitazama.

Akaichukua glasi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Akaweka mdomoni kidogo. Macho yakasimama. Akanywa tena, mara hii si kidogo. Akaishusha, akaitazama juani kama alivyozoea barazani, na nikaona rangi ikimpanda shingoni, ikapita masikio, ikafika kwenye upara. Akanywa mara ya tatu, nadhani kwa ajili ya uhakika. Mama Mauwa alikuwa amekunja mikono, anamtazama usoni bila woga wowote, kama mpishi anavyomtazama mlaji.

"Wewe," akamwambia, "wewe weka hii ndani ya nini?"

"Ndani ya pipa, Bwana."

"Miaka ngapi?"

"Miaka! Bwana, mi niko na batoto ya kulisha. Miezi minane."

Nilimhurumia, nawaambia kweli. Miaka yote ile ya kuhubiri. Alifunga kitabu cha sheria polepole, akasafisha koo, akatangaza kwamba yeye mwenyewe ameonja, kwamba hii si lutuku, lutuku anaijua kwa sifa zake. Hii ni dawa. Dawa ya kikohozi, ya kienyeji. Kesi hakuna.

Wanawake wa Baraka wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa Leta wakakimbia. Lakini Bwana Kamili alinyanyua mkono. Karatasi, mnajua. Kwenye karatasi shahidi wa Leta ameapa kwamba ni lutuku, na hakimu amesema ni dawa, na wakubwa wake kule Bukavu watasoma. Lazima mmoja awe amekosea, na yeye alijua hatakuwa yeye. Akaandika mistari miwili akanisukumia pamoja na kalamu: *Mimi Ramazani nilikosea. Siku ile nilikuwa na mafua.*

"Wewe saini, mama anakwenda nyumbani," akasema chini chini, bila kunitazama. "Wewe hapana saini, kesi anaendelea."

Sasa nyinyi mnaocheka, ngojeni. Miaka tisa sikukosea hata mara moja. Niliwahi kutaja debe mpaka na mwanamke aliyelibeba kichwani. Sina shamba, sina mashua, baba aliwaachia kaka zangu. Nilichokuwa nacho ni pua tu, na jina la pua hiyo. Mwonjaji mwenye kosa kwenye kitabu haapi tena, hiyo nayo ilikuwa sheria. Na siku niliyokuwa sahihi kuliko zote ndiyo niliyotakiwa kuandika nilikosea, mbele ya mji wote, mbele ya Mwalimu wangu, tena kwa mafua! Iliniuma. Naisema wazi, iliniuma kama kufiwa. Nilidhani nimekaa pale na kalamu ile nusu saa nzima. Nikasaini.

Jumatatu yake nilirudishiwa mfuko wa barua. Vijana wa Baraka waliniona njiani wakapiga chafya. Ijumaa nilikwenda kwa Mwalimu Shabani, nikamwambia nimeapa kweli kwa Msahafu na nimesaini uongo kwa kalamu, nifanye nini. Akafikiri, akasema nifunge siku tatu.

"Kwa ajili ya uongo, Mwalimu?"

"Kwa ajili ya kiburi. Uongo ule nitauzungumza mimi mwenyewe na Mungu."

Mwezi haujaisha, ndani ya mfuko wa kushuka nikakuta barua yenye muhuri wa teritwari, imeandikwa kwa Mama Mauwa, Baraka. Sikuifungua, lakini yeye hakujua kusoma, kwa hiyo niliisoma kwa idhini yake. Biro ya Fizi inaagiza, kwa matumizi ya afya, mitungi miwili ya dawa ya kikohozi kila mwezi, iletwe na tarishi. Mgiriki tangu hapo alibaki anauza sabuni na misumari. Na tarishi ni mimi. Mwislamu, mfunga siku tatu, nitapanda mlima wa Fizi kila mwezi na lutuku namba tano begani kwa amri ya Serikali iliyoikataza.

Mama Mauwa alitoa mitungi, akaifunga vizuri kwa majani ya mgomba. Watoto wake watatu walikuwa wanapigana juu ya kichwa cha samaki pale mlangoni, wakubwa, wazima, wenye kelele. Nilijiinamia kuchukua mzigo, halafu sikuweza kuondoka bila kusema. Nilikuwa sijalisema mahali popote.

"Mama," nikamwambia, "siku ile sikukosea. Na mafua sikuwa nayo."

Akacheka, mara ya kwanza naliona jino lake la pembeni lililokatika. Akanitengenezea kamba begani, akaivuta kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni.

"Najua, baba. Muntu mwenye amekosea kweli hasaini mbio vile."